Seva ya Watu Watatu

Nilianzisha seva ile kwa ajili ya vidole vya rafiki yangu. Naliweka hilo mbele kabisa, kwa sababu watu wakisikia kwamba mwanaume mzima mwenye ndevu alikuwa na seva ya mchezo, wanacheka, na mimi sina subira na mtu anayecheka kabla hajasikia. Seva yenyewe si muujiza. Ni kompyuta inayokaa macho mchana na usiku ikiushikilia ulimwengu wa mchezo, ili watu walio mbalimbali waingie na kukutana humo. Yangu ilikaa nyuma ya duka langu la kutengeneza kompyuta, Nyeri mjini, juu ya kreti ya soda.

Tulikuwa watatu, tumesoma pamoja shule ya Giakanja tangu kaptura. Mmoja akaenda kufanya kazi ya hoteli Nanyuki. Mwingine, huyu wa vidole, akaenda Naro Moru kuwa mpagazi wa mlima. Miaka tisa alibeba mabegi ya wageni hadi kambi za juu, kwenye baridi inayopasua midomo, na hakuna siku begi lilifika likiwa limepungukiwa hata na soksi. Alijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote. Wenzake walisema mgeni angeweza kumwachia pochi wazi na ilale hivyo hivyo hadi asubuhi.

Mlima haukumfanya kitu. Msimu wageni walipokosekana alichukua kibarua cha kupakia viazi, akateleza kutoka juu ya magunia, kwenye lori lililokuwa limesimama tu. Shingo. Miguu ikaisha siku ile ile. Mikono ikabaki na uhai kidogo: wa kulia uliweza kusukumwa huku na huku kutoka begani, wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu vilivyosikia vikiambiwa.

Mama yake, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili nyuma ya maduka, alinieleza maneno ya hospitali mara tatu kwa siku moja, kama mtu anayetafuta wa kusaidiana naye mzigo.

"Yule wa mazoezi amesema hii vidole isipofanya kazi kila siku itajikunja. Na ikishajikunja imeenda, hairudi. Sasa wamempa mpira ya kufinya, na yeye hataki."

"Mpira ni ya mtoto," rafiki yangu akasema kutoka kitandani, bila kutugeukia.

Aliuangusha makusudi. Niliuokota mara nne, mara ya tano nikauacha chini ya kitanda na kurudi Nyeri nikiwa na hasira, kwani mimi huzuni yangu huwa haijui kuja yenyewe, lazima itangulize hasira mlangoni. Lakini njiani nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukimaliza likizo kwenye saiba, duka la intaneti la mtaani, watatu kwenye kiti cha watu wawili, tukigombania kibodi. Mpira angeukataa. Mchezo asingeuona kama dawa.

Nilichukua kompyuta kuukuu kutoka saiba iliyofungwa, nikaitia memori nilizozing'oa kwenye mashine zilizokufa, nikaifunga na betri kwa sababu stima ya kwetu ina hiari yake. Mchezo wenyewe ni ule wa kujenga kwa vipande vya mraba: unakata mti, unachimba jiwe, unajenga. Kilichonitesa ni kuwaingiza watu wa nje. Siku tatu niliitukana ruta, kile kisanduku cha intaneti, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu, hadi siku ya nne nilipopata njia ya kupitia. Kisha nikaandika orodha ya walioruhusiwa kuingia. Majina matatu. Nilimpelekea laptopu niliyoifufua, nikafunga mausi kwenye kiganja chake cha kulia kwa kitambaa, na vile vidole vitatu vya kushoto nikaviweka juu ya vitufe vya kutembea.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimpigia simu nikiwa dukani.

"Uko wapi?"

"Niko hapa kwa nyasi. Kuna kondoo inaniangalia."

"Sasa tembea."

Alitembea. Sikuwa nimefikiria jambo hilo hata kidogo. Mimi nilifikiria vidole. Alikwenda mbele, mbele tu, akapita kondoo, akapita mto, akapanda kilima na kukishuka. Nikamwambia akate mti ajenge kibanda kabla usiku haujaleta mazimwi ya mchezo. "Ngoja," akasema. "Bado natembea." Dakika ishirini nzima. Niliingia stoo nikalia katikati ya skrini mbovu, na mteja aliyekuja kuchukua chaja yake alinikuta hivyo, nikamfokea.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoipenda. Wa Nanyuki akaingia pia, zamu zake zikimruhusu. Yule mgonjwa alijenga njia ya mbao kutoka bondeni hadi kileleni mwa mlima mrefu kuliko yote, na kila tulipotaka kupanda alitubebea vitu vyetu kwa lazima. "Weka chini hiyo shoka, hiyo ni kazi yangu." Mama yake alinipigia siku moja kunieleza tu kwamba kijiko kimeshikwa. Kijiko! Alisema hivyo kama mtu anayetangaza harusi. Vidole vitatu vilikuwa vimekuwa vinne.

Nami nikaharibika. Sitasingizia mtu. Waliniita chifu kwa mzaha, kwa sababu mashine ilikuwa yangu, na mimi nikauvaa uchifu kama koti jipya. Niliweka bango kwenye lango lenye sheria: usiguse cha mwenzako, usihamishe mifugo, ukitaka jambo uliza. Watu watatu, sheria saba. Wakati mmoja yule mgonjwa alihamisha kondoo wangu wawili kwenye nyasi bora, nikamsomea sheria namba nne kwa simu, akacheka hadi akakohoa. Kicheko kile kilinikaa kifuani wiki nzima.

Basi wa Nanyuki akajenga nyumba. Ya mbao tupu, kwenye mteremko, na veranda ya kutazamia mlima; ilimchukua wiki tatu za saa alizoiba kazini. Alipoezeka tu, hoteli ikampeleka kwenye kambi ya mahema ndani ya ranchi huko Laikipia, mahali ambapo simu ni ya kuangalia saa. Siku mbili baadaye, saa sita mchana, niliingia mchezoni nikakuta mteremko mtupu. Hakuna ukuta, hakuna paa. Yalibaki mawe matatu katikati, yameachana hatua moja moja, na hata kitanda hakikuwepo.

Seva huandika kila kinachotendeka. Nilifungua faili, nikakuta jina la yule mgonjwa, dakika yake, na kitendo chake: amewasha moto, ndani ya nyumba ya mwenzake, mwenyewe akiwa hayupo.

Sikunywa hata chai. Nilimpigia.

"Umechoma nyumba ya watu?"

"Niliwasha moto," akasema polepole. "Ikashika ukuta. Nilijaribu kuzima, lakini hii mikono, unajua."

"Nani alikwambia uwashe?"

"Nilitumwa."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba. Kabla aende."

"Mwenye nyumba hapatikani kwa simu. Umechagua shahidi mzuri."

"Si umngoje."

"Kila mwizi hutumwa," nikasema.

Kwetu kesi haikatwi mlalamikaji hayupo. Hata wazee walevi, wale wanaohukumu mipaka ya shamba kwa harufu ya nyama, hujua hilo. Mimi nilikata. Nilimtoa kwenye orodha yeye akiwa bado kwenye simu, nikamwambia atarudi akitoa faini ya mbuzi na kuomba msamaha. Alicheka kidogo akidhani ni ule mchezo wetu. Alipogundua sitanii, akasema, "Mbuzi ya kitu sijaiba?" Kisha akasema, "Sawa, chifu," na kukata.

Nilidhani ni siku mbili. Kisha nikadhani ni wiki. Kila saa kumi jioni niliangalia kama ameandika neno la msamaha, hakuna, na kiburi chake kikachochea changu. Nilisahau kwamba nilikuwa nimemwambia mtu aliyebeba mabegi ya wageni miaka tisa kwamba ni mwizi na mharibifu wa vitu vya watu. Nasema nilisahau. Si kweli, ndiyo sababu nililichagua neno lile.

Wiki ya tano mama yake alipiga.

"Hashiki ile kitu tena. Nikimnyoosha mikono anasema niiache. Mumekosana?"

"Tutaongea, mama. Ni mambo kidogo tu."

"Ongeeni haraka, kijana yangu. Naona hii moja imeanza kukataa kufunguka."

Hapo hakuna pa kujifichia. Nilikuwa nimeambiwa mara tatu kwa siku moja, na sasa nimeambiwa tena. Nilijua kidole ni nini na siku ni nini. Kumrudisha kwenye orodha kulikuwa kazi ya kuandika jina moja na kubonyeza kitufe kimoja. Ningeweza kuifanya huku nikizungumza naye. Nilimwambia mama nitapiga Jumapili. Jumapili sikupiga. Nilingoja msamaha.

Wiki ya kumi na moja wa Nanyuki alirudi kutoka ranchini, akapitia dukani kwangu, ngozi imeungua kwa jua, akiwa na furaha yake yote.

"Nyumba yangu iko aje? Huyo jamaa aliniwashia moto?"

Nilikaa.

"Ati, si nilimwambia," akaendelea. "Nilimwambia nyumba mpya hailali baridi. Nyanya yangu angenifufukia. Nikamwambia weka mafiga, uwashe, uweke kitanda karibu, nikirudi nipate imekuwa nyumba ya mtu. Kwani hakuwasha?"

Sisi wote tumelelewa hivyo. Nyumba ikiisha, moto hutangulia, chai huchemka, ndipo mtu analala. Mzungu aliyeutunga ule mchezo hakulelewa hivyo: kwake moto wazi ndani ya nyumba ya mbao huruka ukutani. Wale wawili hawakujua. Mimi nilijua. Kuna mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva unaozuia moto kusambaa, nami niliusoma siku ya kwanza na kuuacha ulivyo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuandika sheria zangu. Yale mawe matatu niliyoyaona kwenye mteremko yalikuwa mafiga. Mtoto wa Mkikuyu yeyote angeyatambua, hata akiwa amelala.

Nilimweleza wa Nanyuki yote. Hakunigombeza. Alichukua kofia yake na kusema, "Nenda leo," kisha akatoka bila kuniaga.

Nilirudisha jina kwenye orodha. Nikaenda Naro Moru, nikanunua mbuzi sokoni, kwa maana faini ilikuwa imempata mwenye kosa. Nilimwingiza uani nikimvuta kwa kamba, na majirani wakanitazama. Mama yake alimfunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akanikaribisha, akaniuliza kama nimekula. Kama angenitukana ningeshukuru.

Rafiki yangu alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa juu ya blanketi, imekunjwa ngumi zote mbili, kama ya mtoto mchanga.

"Nimejua," nikasema. "Alinieleza. Nimekukosea, na nimeleta mbuzi."

Alimsikia mbuzi akilia nje. Akatabasamu kidogo.

"Nitakula na mkono gani?"

Nililia, sikutanguliza hasira safari hii. Nilimwambia nilikuwa nimejua habari ya vidole tangu simu ya mama, na bado nikangoja. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu, si kwa kunisamehe wala kwa kukataa. Alikuwa kama mtu anayepokea mzigo ili aupime uzito. Kisha akasema nifungue laptopu.

Alijaribu. Mama yake alishika mkono wa kushoto akajaribu kuvifungua vidole kimoja kimoja, vikafika nusu, rafiki yangu akaguna kwa uchungu, na vikarudi vyenyewe. Tulijaribu kwa maji ya moto. Tulijaribu kubonyeza kwa fundo la ngumi, lakini lilibonyeza vitufe vitatu kwa mpigo na yule mtu wake mchezoni akazunguka mahali pamoja. Mama akasema atamrudisha kwa yule wa mazoezi Jumatatu. Alisema hivyo akitazama dirishani.

"Basi tembea wewe," rafiki yangu akaniambia. "Mimi niangalie."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaweka vidole vyangu juu ya vitufe vyake. Nilimtoa langoni, nikampitisha kando ya mto, nikampandisha ile njia ya mbao aliyoijenga. Nilikwenda vizuri. Nilikwepa mashimo, niliruka panapohitaji kurukwa. Alitazama bila kupepesa, na mama yake naye akatazama, amesimama mlangoni. Tulipofika katikati ya mlima akafumba macho.

"Wacha," akasema. "Hiyo si mimi. Mimi sitembeangi hivyo."

Nikaondoa mkono, na yule mtu kwenye skrini akasimama pale pale.