Lori Lililonyimwa Dizeli Likapanda Mlima

Ushirika ulipopunguza wafanyakazi, baba aliuziwa lori bovu alilokuwa akiliendesha miaka yote. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameshaingia Mbinga na magari mapya, na letu lilishindwa milima. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja nyumbani. Baba akamwambia arudi Jumapili jioni: kama lori halijapanda kutoka ziwani, alichukue.

Tukateremka nalo hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa, kwa mjomba, kaka yake mama, fundi wa pampu za dizeli. Nilikuwa kidato cha pili, msichana wa aibu mno; nilimpa shikamoo nikitazama ndala zake. Mjomba alilizunguka lori, kisha akamgeukia baba. "Shemeji, dada yangu mlimchukua mzima, na gari mkalipata zima. Nyie watu wa milimani vitu mnavifanyaje?"

Baba akasema watu wa ziwani wanajua kuanika dagaa wao wa usipa tu.

Mjomba aliifungua pampu juu ya shuka safi. Vipistoni vyake vilikuwa vidogo kama kidole changu cha mwisho, vinang'aa. Alivipangusa kwa kiganja kitupu, maana kitambaa huacha nyuzi, na kila kimoja akakirudisha kwenye nyumba yake ileile. Kisha akaifunga mezani, akaiunganisha na mnyororo wa baiskeli, akaniambia nipige pedali. Nilifurahi. Kazi ile haikutaka maneno.

Nilitegemea dizeli itatiririka. Ikatoka ukungu! Ukungu mwembamba kama ule wa asubuhi juu ya maji, ukigonga vichupa vya sindano alivyovitega chini ya kila nozeli, kijidomo cha kupulizia dizeli. Alinionya nisiweke mkono, ukungu ule unatoboa ngozi. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametuchorea presha kwa mshale ubaoni, nikanakili tu. Sasa nilikuwa naiona, tena naizungusha kwa miguu yangu. Mjomba alikaza hapa, akalegeza pale, hadi vichupa vyote vikawa na kimo kimoja. Nilivitazama kama vitu vya altareni.

Jumapili baada ya misa tukaondoka, mjomba akiwa nasi. Kule chini lori lilikwenda vizuri hadi baba akapiga mluzi. Katikati ya mlima likaanza kutoa moshi mweusi, likachoka, likasimama. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Baba akavuta breki ya mkono. Nilijua akilini anamwona yule mtu wa vyuma chakavu.

Mjomba alitazama moshi, akajicheka. Maisha yake yote alikuwa akipima injini za boti, na boti hazipandi milima. Akafungua boneti, akashika skrubu ya pampu.

"Unapunguza dizeli?" baba akauliza. "Gari limeshindwa, na wewe unalinyima?"

"Nimelipimia hewa ya ziwani, shemeji. Hii yenu nyembamba, haiwezi kuchoma chakula chote kile. Liache lipumue."

Likawaka. Moshi ukawa wa kijivu, kisha sikuuona tena. Lori lililopewa kidogo likapanda kona baada ya kona, na mimi nimeshika mlango, nywele zimenisisimka.

Yule mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekaa barazani kwetu. Baba alimpungia mkono, wala hakusimama. Akapitiliza hadi juu kabisa, kanisani, ndipo akageuza.