Uzi Mwekundu wa Fundi Gundi

Vita vile tulipigana wenyewe kwa wenyewe, tukashindwa wote, kisha tukaviandikia vitabu kana kwamba tumeshinda. Vitabu vilipochakaa vilipelekwa kwa Gundi, fundi wa kujalidi wa maktaba ya mji, mwanamume ambaye vidole vyake vilinata hata siku anaoa.

Gundi alikuwa na utaratibu wake: historia anaishona kwa uzi mweusi, riwaya kwa uzi mwekundu, ili majalada yakibanduka asichanganye.

"Tofauti yenyewe," alimwambia mkewe, "ni kwamba riwaya inakiri kuwa ni uongo."

"Huo mdomo wako utatuzika."

Siku ya kufungua ukumbi mpya wa maktaba, jenerali mstaafu alialikwa asome ukurasa mmoja wa historia aliyoiandika mwenyewe. Nakala ilikuwa imetoka kwa Gundi jana yake, jalada jipya, herufi za dhahabu. Gundi na mkewe walikaa safu ya mbele, kifua mbele. Jenerali akakiinua kitabu watu wakione.

Pale kurasa zinaposhikana na mgongo, uzi mwekundu ukachungulia.

Moyo wa Gundi ulishuka hadi kwenye viatu. Jana alikuwa akijisomea riwaya ya kamanda anayevua magwanda mapigano yamepamba moto, kisha anajificha jikoni, ndani ya pipa la unga. Alicheka mpaka machozi, na kwa machozi hayohayo akaivisha jalada la jenerali.

"Mama watoto," akanong'ona, "tumekwisha."

"Wewe na nani?"

Jenerali akavaa miwani. "Risasi zilipoanza kulia darajani," akasoma kwa sauti nene, "kamanda alivua magwanda yake..."

Macho yake yakateremka mstari kwa mstari. Ukumbi mzima ukatazama dari. Kutazama dari tunakujua vizuri, tumezoezwa tangu utotoni.

"...akamfunika majeruhi!" akamalizia jenerali, akakifunga kitabu pa! Makofi yakatikisa madirisha. Mkuu wa maktaba akatoa leso, akajifuta machozi.

Kisha jenerali akauliza fundi yuko wapi. Vidole vikanyooshwa, vingi kuliko vilivyohitajika. Akamjia Gundi, akamshika bega kama anayempongeza.

"Kazi safi, kijana wangu. Umekisoma?"

"Mimi nashona tu, mheshimiwa. Hiyo... hiyo ni hadithi tu. Ya kubuni."

Jenerali akamwinamia sikioni. Ule mkono begani ulikuwa ukitetemeka, na hapo ndipo Gundi alipoogopa kwelikweli: mtu mkubwa mwenye hofu hana breki.

"Mwandishi kabuni mpaka mfuniko wa pipa, wa bluu, wenye ufa? Nani mwingine alikuwa jikoni siku ile?"

"Sijui, mheshimiwa. Haki ya Mungu sijui."

"Basi twende kwako, ukanionyeshe riwaya nyingine ulizoshona."

Nje, gari jeusi lilikuwa limefunguliwa mlango. Gundi akasimama mlangoni, hapandi. Mkewe akamshika mkono, vidole vikanata.

"Sogea," akamwambia, akapanda yeye kwanza.