Mzee Ahamie Mpakani

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, nyuma ya mama kutoka Cheptais aliyevaa gambuti zenye udongo mbichi. Zamu yake ilipofika, aliegemea kaunta akaomba kibali cha kufukua kaburi.

"La nani?" karani akauliza.

"La mzee wangu. Amelala nyuma ya jikoni. Nataka alale kule chini, shamba inapopakana na Uganda."

Karani akaweka kalamu chini. Tangu redio ianze kutangaza kwamba Uganda inadai kisiwa chetu cha ziwani, alikuwa amesikia mengi, lakini si hili. "Mama, kisiwa kiko mbali bana."

"Leo ni kisiwa. Wakifika kwangu watasema hii shamba ni yao. Si watapata mwenye shamba amelala hapo?"

"Na watu wa ukoo wamekubali?"

"Nimemuuliza mzee mwenyewe. Alinyamaza. Hata akiwa hai, akinyamaza hivyo ni ndiyo."

Foleni ikacheka. Mama hakucheka. "Shimo nishachimba," akasema, akitazama gambuti zake.

Niliporudi nyumbani Kitale nilitoa hati ya shamba alilonunua baba, nikaisoma mara mbili. Muhuri upo, sahihi ipo. Lakini baba tulimzika kwao Nyeri. Nikatoka nje, nikatazama mahindi yetu mpaka mwisho wa ua, na chini yake hapakuwa na mtu wetu hata mmoja.