Mwakilishi wa Jamii Asiyetoka Ndani

Sheha wa mtaa wetu alipopanda ngazi za kwetu kuniomba niwe mwakilishi wa jamii katika mpango mkakati wa skuli za wilaya, nilimuuliza kwa nini mimi. Akashika kizingiti apumue kwanza, maana ngazi zetu alizijenga mtu asiyependa wageni, kisha akanijibu bila ya kuona haya:

"Kwa sababu wewe kila nikija upo."

Sifa yangu ndiyo hiyo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na mpaka leo sijatoka. Nashona kofia za mkono. Kazi hiyo haitaki barabara, inataka mwangaza na kiti. Mama alipofariki, ndugu zangu waligawana pande za dunia: mmoja akajenga Chukwani, mwengine akanunua nyumba kule Fumba kwenye majumba mapya, nami nikabaki Mji Mkongwe na vyumba viwili vya juu na popo wao. Kila Iddi wananiambia nihamie kwao. Kila Iddi nasema nitafikiri. Kufikiri nafikiri kweli, lakini nafikiri nikiwa nimekaa.

Ningemkatalia sheha, ila kwetu mtu hakatai. Hutoa udhuru. Husema ana maziko, ana harusi, ana mgonjwa shamba, na mwenzake huitika "haya, Mungu asahilishe" na mambo yakaisha kwa heshima. Taabu ni kuwa udhuru unataka pahala pa kwendea, na mtu anayejulikana mtaa mzima kuwa hana pahala pa kwendea, atatoa udhuru gani? Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sheha akasema, "Ahsante kwa kukubali," akateremka.

Chini aliishi jirani yangu, bibi mmoja mkaanga bajia. Mlango wake ulielekea skuli, na watoto wakitoka mapumziko walimwendea kama siafu. Umri wake ni wa mama yangu, kwa hivyo alinitania nami sikuwa na haki ya kumrudishia.

"Mwari!" aliita baada ya sheha kuondoka. Kwetu mwari ni mwanamwali anayewekwa ndani asionekane mpaka siku ya harusi yake. Mimi nilikuwa na umri wa miaka hamsini na ndevu za mvi.

"Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia wanakutoa nje. Nipige vigelegele?"

"Ni mkutano tu, Bibi. Wa skuli."

"Nshajua. Na hiyo skuli wanataka kuihamisha, wanajenga ya ghorofa huko nje ya mji. Sasa wewe ukifika usikae kama ulivyokaa hapa. Uwaambie iachwe. Mimi bajia zangu nitamuuzia nani, mapaka?"

Nilimwambia nitasema. Na niliapa moyoni kuwa nitasema, lakini si kwa ajili ya bajia.

Uchochoro uliokuwa baina ya dirisha langu na dirisha la darasa ulikuwa mwembamba kiasi cha kuweza kumpa mtu kofia mkononi kutoka upande hadi upande. Skuli ilikuwa na mikondo miwili, wengine asubuhi, wengine mchana, na kutwa nzima wakiitikia. Mwalimu husema, watoto humjibu wote kwa pamoja, mpaka vioo vyangu vikatetema. Nilishona kwa mdundo wao. Nilisoma nao jedwali la kuzidisha, nikasoma nao sehemu za ua, nikasoma nao majina ya maziwa makuu, mwaka baada ya mwaka, darasa lile lile, sikupandishwa. Siku moja mwalimu aliuliza saba mara nane, watoto wakachelewa kidogo, nami sijui nini kilichonisukuma, nikapaza sauti kutoka kitini: "Hamsini na nne!"

"Siyooo!" wakaitikia wote.

Mwalimu akatokeza kichwa dirishani. "Ahsante, mzee wangu. Siku nyengine nyoosha kidole kwanza."

Nilicheka peke yangu mpaka Magharibi. Likizo zikifika ndipo nilipojua jinsi ninavyoishi. Ilikuwa ikiwezekana nikaamka, nikashona, nikala, na neno langu la mwanzo likatoka alasiri, tena kwa birika: "Haya, chemka basi." Skuli ikiondoka, maisha yangu yote yangekuwa likizo. Ndilo nililokuwa nakwenda kulipigania.

Basi nikavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yangu nzuri niliyokuwa nimemshonea mtu akakataa rangi, nikavuka Darajani mpaka kwenye ukumbi. Kulikuwa na walimu, wazee, masheha, na mwezeshaji kutoka ofisi ya wilaya, binti mmoja aliyevaa buibui na viatu vya raba, akitembea baina ya meza haraka haraka kama mtu anayesaka kuku. Ukutani aliweka karatasi nne kubwa: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Kundi letu lilipewa vitisho. Wenzangu wakataja upungufu wa walimu, majengo chakavu, mafuriko. Mimi nikataja popo. Wakaandika kwa adabu, chini kabisa.

Kisha tukatunga dira. Asubuhi nzima tulibishana kama elimu ya wilaya yetu iwe "bora" au "bora zaidi". Chai ilipoingia ilikuwa bado ni bora. Maandazi yalipomalizika, ikawa bora zaidi.

Maoni ya jamii yaliwekwa siku ya pili, baada ya makundi kutembelea skuli. Nilishukuru, kwa kuwa hotuba yangu nilikuwa nimeshaipanga: jengo ni urithi wa mji, watoto wamezoea, mtaa bila ya watoto ni kaburi. Wala sikudanganya. Nilichofanya ni kusema "mtaa" kila pahala palipotakiwa kusemwa "mimi".

Kundi letu likapangiwa skuli iliyo mbele ya dirisha langu.

Nilikuwa sijawahi kuingia. Miaka yote ile sikupata sababu ya kuvuka uchochoro ambao mbuzi angeuruka. Mwalimu mkuu, mwanamke mnene mpole, alitupokea kwa sauti iliyokwaruza kama ya mtu mwenye mafua makali, akatupandisha juu. Na lile nililokuwa naliita darasa halikuwa darasa. Lilikuwa ukumbi mmoja uliokatwa katikati kwa mbao nyembamba isiyofika darini. Upande huu darasa la tano, upande ule darasa la tatu. Watoto wamekaa wanne wanne, wengine sakafuni, na joto limesimama kama mtu.

Mwalimu wa upande huu alisema neno. Mwalimu wa upande ule akasema lake, juu zaidi. Wa huku naye akapandisha. Kisha wote wawili wakaitikisha watoto wao.

"Ndivyo tunavyofundisha," alisema mwalimu mkuu, akinikaribia sikioni ili nimsikie. "Tukinyamaza wanasikia la upande wa pili. Kwa hivyo tunawaitikisha. Mwenye kupaza zaidi ndiye aliyesoma siku hiyo."

Nikainama kwa mtoto mmoja wa kike aliyekaa nyuma, darasa la tano, karibu na mbao.

"Unamsikia mwalimu wako?"

"Namsikia wa kule," alisema, akionesha mbao. "Mie ya darasa la tatu nshayajua yote."

Wenziwe wakacheka. Mmoja akanitazama vizuri, akatazama dirishani, akanitazama tena. Nami nikageuka. Ng'ambo ya uchochoro niliona chumba changu kama wanavyokiona wao: kiti, rundo la kofia, na fulana yangu kuukuu imeanikwa kwenye nondo bila ya aibu yoyote.

"Ndo huyu!" alipiga ukelele. "Hamsini-na-Nne!"

"Hamsini-na-Nneee!" darasa zima likaitikia, na darasa la tatu, lisilojua linaitikia nini, nalo likaitikia nyuma ya mbao.

Wenzangu wa kundi walicheka, nami nikacheka. Nikacheka kuliko wote. Miaka yote ile nilikuwa nakaa pale na sindano yangu nikidhani wanaimba. Walikuwa wanatafuta kusikilizana.

Tuliporudi ukumbini, mwezeshaji akaniita. "Mwakilishi wa jamii, karibu. Mtaa unasemaje kuhusu kuhama?"

Sheha alinikubalia kwa kichwa, kunitia moyo. Nilisimama. Hotuba niliyoipanga ilikuwepo yote, nzima, urithi na kaburi na kila kitu, na nilijua kuwa nikiitoa itaandikwa, kwa sababu wilaya ilitaka sana isikike kuwa imesikiliza. Wazee wawili wa mitaa mengine walikuwa washasema skuli zao zisiguswe, wakapigiwa makofi. Nilikuwa na haja ya kusema kama wao tu.

"Wahamisheni," nikasema, kisha nikaona nimewaamuru watu wazima. "Yaani, wahamishwe. Watoto. Wapelekwe pahala watakapomsikia mwalimu."

"Mtaa umekubaliana hivyo?"

Nikamfikiria bibi na karai lake. "Mtaa utakubaliana," nikasema, nikakaa.

Alasiri ile nilimkuta bibi mlangoni kwake akipepeta unga. Nilisimama mbele yake, nikamwambia niliyoyaona na niliyoyasema. Hakuninyanyulia macho.

"Nilikutuma useme nini?"

"Iachwe."

"Ukasema?"

"Wahamishwe."

Alipepeta. "Wanakaa chini?"

"Wengine."

"Na hawasikii?"

"Hawasikii, Bibi."

"Basi," alisema. Halafu akaingia ndani na kurudisha mlango, jambo ambalo sikuwahi kumuona akilifanya mchana.

Kwa siku nyingi hakuniita. Nikipita alinijibu shikamoo, marahaba kavu, bila ya mwari. Ujenzi ulichelewa kama ujenzi unavyochelewa, ukamalizika wakati watu washauacha kuusubiri. Wakati wa likizo walikuja mafundi wakashusha madawati kwa kamba dirishani, moja likanigongea ubao wa dirisha. Nilimwambia fundi "taratibu, bwana," akaniomba radhi, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yangu ya wiki.

Mwezi haukuisha, bibi akanipandia ngazi mwenyewe, kwa magoti yale. Akakaa kwenye kiti changu.

"Nahamia kwa mwanangu, Chukwani," alisema. "Skuli mpya ipo nyuma ya nyumba yao, hatua chache tu. Wateja wangu umewapeleka wewe, mimi nakaa hapa nangoja nini?"

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nshakwenda kuiona. Kuna uwanja, kuna vyoo. Mjukuu wangu analalamika eti mwalimu anasema taratibu mno, anamtia usingizi." Akacheka, kisha akanitazama. "Njoo nawe. Nduguyo si yuko hukohuko?"

"Nitafikiri, Bibi."

"Utafikiri! Mwari wewe, utatolewa na malaika." Akainuka akishika ukuta. Hakutaka nimsindikize. Nilimsikia akiteremka, ngazi moja, kituo, ngazi moja, na kila kituo akitukana mjenzi.

Kapu lake la mwisho lilipopakiwa nilikuwepo. Nilibeba karai.

Nyumba ya chini ikakodishwa na mtu wa hoteli. Sasa wanalala wageni wa siku mbili tatu, wanaburura masanduku yao ya magurudumu uchochoroni, wananiambia "jambo", nami nawaambia jambo, na kesho wanakuwa wengine. Jengo la skuli limefungwa, linangoja kuamuliwa litakuwa nini. Nashona haraka kuliko zamani. Sikosei hata uzi. Kofia zinatoka safi, na siku ni ndefu.

Juzi yule mwezeshaji alinijia. Viatu vile vile vya raba, na kishikwambi mkononi. Alisema mpango umefika katikati, wilaya inafuatilia kama jamii zimeridhika, na mtaa huu, baada ya kuzunguka sana, amempata mkaazi mmoja.

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Jamii. Karibu ndani."

Nikampa kiti, mimi nikakaa kitandani. Aliuliza kama watoto wa eneo letu wanafika skuli salama. Nikasema wanafika, na nikamweleza ya mjukuu anayesinzia. Akacheka. Aliuliza kama wazazi wanashirikishwa, nikampa jibu la wazazi, na la mabibi, na la kina sisi. Swali la ndiyo na siyo nililijibu kwa kisa. Alikuwa na subira, sikumbuki mtu aliyenisikiliza vile tangu mama.

"Kwa jumla," alisema, "mtaa umeridhika na uamuzi?"

"Umeridhika."

"Ungeulizwa tena leo?"

Nilitazama ng'ambo, lile dirisha lililopigiliwa mbao. "Ningesema vile vile."

Alibonyeza kitu, akakifunika kishikwambi chake. "Basi maswali yamekwisha, mzee wangu. Kuna lolote ungependa kuongeza?"

"Lipo," nikasema. Sikuwa nalo. "Lakini refu kidogo. Ngoja kwanza nikutilie chai."