Uzio wa Mironge

Erasto hakuwahi kumaliza chai akiwa amekaa. Karani huyu wa bandarini Mtwara, mtu wa Mahenge, alikuwa ameshainuka na kikombe mkononi kabla sukari haijayeyuka, na mkewe Veronika alichoka kumwambia, "Baba Anna, keti basi, chai haina miguu."

Mwaka ule wa 1968 walikuwa na bustani ya nne. Tatu za kwanza walinyang'anywa, kila mara mchicha ukiwa ndiyo kwanza unachanua majani. Veronika aliapa: wakitolewa na hii, yeye anarudi Mahenge kwa mama yake. Naye hakuwa mtu wa maneno matupu, na Erasto alilijua hilo vizuri.

Mwenye ardhi alikuwa Bi Mwanaamina wa Mikindani. Aliwaazima bure, kwa sharti moja.

"Lima mchicha, lima bamia, hata muhogo ukitaka. Mti usipande. Mwenye mti ndiye mwenye shamba."

Ndivyo mambo yalivyokuwa huko. Mkorosho wako ukisimama katika ardhi ya mtu, kesho unadai na ardhi yenyewe. Erasto akaapa. Mti wa nini, jamani?

Balaa likaja na mbuzi. Walikula matuta mawili asubuhi moja. Shaibu, fundi seremala jirani yao, akamshauri: "Tafuta boriti za mkoko. Halafu choma ncha za chini mpaka ziwe mkaa, ndipo uzichimbie. Mchwa hawagusi mkaa, na mti uliochomwa umekufa kweli."

Erasto akaenda kwa wauza boriti. Hakuna mpaka wiki ijayo. Wiki! Angekaaje wiki nzima akiwatazama mbuzi? Akakata matawi manene ya mironge nyuma ya ghala, mabichi, yamenyooka, akayachimbia siku ile ile bila kuyapitisha hata kwenye kibiriti. Akayafunga kwa kamba za ukindu, akasimama akijisifu peke yake.

Mvua za kwanza zikanyesha. Nguzo zote arobaini zikachipua.

Shaibu alicheka hadi akashika mbavu. "Karani, umepanda msitu!"

Hapo Erasto akapoteza raha kabisa. Kila asubuhi kabla ya kazi alizunguka uzio akikonyoa machipukizi. Ukikonyoa moja yanatoka mawili, yanakucheka machoni. Kazini alikosea hesabu ya magunia ya korosho mara mbili, kwa kuwa masikio yalikuwa barabarani yakimsikilizia Bi Mwanaamina. Veronika akayapika yale majani kwa nazi, yakawa matamu ajabu, na mumewe akashindwa kumeza.

Bi Mwanaamina akaja Jumapili, walipotoka kanisani.

"Shikamoo, bibi," Erasto akasema.

"Marahaba." Bibi akaupitia uzio nguzo baada ya nguzo, akiigusa kila moja.

"Bibi, hii si miti. Ni uzio tu. Wallahi sikukusudia." Mkristo mzima anaapa kwa Kiislamu, hofu haina dini.

"Najua hukukusudia, mwanangu. Baba yangu naye hakukusudia. Shamba hili lilikuwa la Mmakonde mmoja, akamwazima baba alime mtama. Baba akazungushia nguzo, nguzo zikachipua, sisi tukakulia humo humo."

Erasto alimtazama mkewe. Veronika alikuwa ameshika mlango wa uzio kwa mikono miwili.

"Nikizing'oa zote leo, bibi, bustani inabaki?"

"Inabaki."

Akavua shati la kanisani, akaanza. Nguzo ya kwanza ilikuwa na mizizi mirefu kama kidole. Alivuta, akavuta, kisha akashindwa kujizuia kuuliza.

"Na yule Mmakonde, bibi? Hakuja kudai chake?"

Bi Mwanaamina akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Alikuja. Tukamwonyesha miti. Ng'oa, mwanangu, jua linapanda."