Majivu ya Mlango wa Ghala

Tangu watu waanze kupima viwanja Mkonze na kuchoma vichaka, nyoka walihamia kwetu. Walifuata panya, na panya walifuata karanga zetu. Mama hakuwa na dawa ila majivu. Kila jioni aliyanyunyiza mlangoni pa ghala, na asubuhi aliyeamka wa kwanza aliyasoma. Ukiona mchirizi wa kuingia na mwingine wa kutoka, unashukuru Mungu. Ukiona wa kuingia tu, unaita watu wenye fimbo. Kukiwa salama unayafagia, na mlango uliofagiwa maana yake ni ingieni. Hata watoto waliijua sheria hiyo.

Mke wa kaka yangu aliishika kuliko mimi. Alikuwa ameolewa kwetu mwaka mmoja tu, akitokea Mvumi, na tayari mama alimsifu mbele yangu: mikono yake myepesi, uwanja wake unang'aa. Mimi nafagia kwa mkono wa kushoto, na mama alizoea kunicheka kwamba fagio langu linachora pinde za kinyumenyume. Nilimchukia yule mwanamke kwa sababu ya ufagiaji. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya wageni wangu wa posa niliamka wa kwanza. Kwenye majivu kulikuwa na mchirizi mmoja, mnene kama kifundo cha mkono, umenyooka kuelekea ndani. Kifutu. Wa kutoka haukuwepo. Nilijua nikisema, wanaume watamwaga magunia yote uani, na wageni hao wa mjini watatukuta na marungu na vumbi. Nikafagia. Nilijiambia nitasema wakishaondoka.

Wageni walipoketi, mama alimwambia mkamwana wake, "Mwanangu, hebu tuletee karanga."

Nilikuwa chumbani najifunga kitenge kipya, na nilisikia kila neno. Ningeweza kumwita. Niliwaza kwamba kifutu ni mvivu, atakuwa amelala, na huyu naye akishtushwa kidogo si vibaya.

Hakupiga kelele. Alitoka ameushika mkono wake wa kulia, akapita mbele ya wageni kwa adabu, akaketi chini karibu na jiko. Hospitali walimwokoa, ila vidole vitatu vilikatwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mama, yule yule aliyemsifu, alitangaza kwamba mwanamke anayefagia majivu ya ghala bila kuyasoma ni mzembe, kesho ataua wajukuu. Kaka alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Kabla ya mvua akarudishwa kwao, na mimi nikaolewa.

Mwaka huu nilikwenda Mvumi msibani, nikamkuta anafagia uwanja wa kwao. Miguu ilitaka kukimbia. Akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikamweleza yote huku nalia, kwamba ni mimi niliyefagia mlango siku ile.

"Najua, wifi," akasema. "Niliziona pinde zako. Nikasema moyoni, wifi ameshasoma. Nikatia mkono."

Kisha akaendelea kufagia, kwa mkono wa kushoto.