Nilimfungia Mwanangu Bahari kwa Jina la Dini

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba. Manyunyu tangu asubuhi, upepo unagonga madirisha, halafu mchana jua likachungulia kidogo, likaona haya, likarudi.

Jamani, nimekosa! Nimemkosea mtoto wangu wa kumzaa, nimemkosea rafiki, na nimemkosea Mungu kwa kulitumia jina Lake kufunikia wivu wangu. Mie si msomi, niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nitaeleza hivi hivi kama ninavyojiandikia kila siku. Nitajitahidi kila mtu nimpe haki yake, hata pale haki hiyo inaponiumiza.

Mie Mzanzibari, mzaliwa wa Ng'ambo, na London nimekaa miaka mingi. Kazi yangu iko kwenye jiko moja kubwa la chakula cha ndege, kwenye chumba cha baridi. Nina binti mmoja. Nitamwita Rahma, silo jina lake. Kazaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote, lakini kwa miaka mingi ukimsemesha alikuwa akikujibu Kiingereza.

Nilikuwa nikilalamika kwa kila mtu: watoto wa huku wamepotea! Sikuwaambia kwamba alipokuwa mdogo, kila akifungua mdomo mie namsahihisha, na mbele ya wageni namcheka. Basi mtoto akafunga mdomo. Nani asingefunga?

Kazini nilikuwa na rafiki, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, anakaa Southall. Sote tulimwita Fundi, maana hakuna kilichoharibika asichoweza kukitengeneza. Kiswahili chake ni cha bara, cha gereji, nami nilikuwa nikikifanyia mzaha.

"Wewe Mzanzibari," huniambia, "Kiswahili yako kama kanzu ya Idi. Yangu ni ovaroli. Lakini nani anafanya kazi?"

Alistaafu kabla yangu. Mwaka juzi boila yetu, ule mtambo wa kupashia nyumba joto, ilikufa, nikamwita. Wakati huo Rahma alikuwa amefeli mtihani wa kuingilia chuo, na kwa miezi alikuwa hatoki chumbani. Hali chakula na sisi, hacheki, yeye na simu yake tu. Mama yake akilia jikoni. Mie nilikuwa najifanya sioni.

Fundi akafungua boksi lake la vyombo, na humo, kati ya spana, kulikuwa na kiboksi cha nzi. Nzi wa bandia! Manyoya meupe na ya kijani, na nyuzi zinazometameta, vimefungwa kwenye ndoana kwa ufundi hata utadhani kisamaki hai. Rahma alikuwa anapita kwenda kuchukua maji. Akasimama.

"Hiyo nini?" akauliza. Kwa Kiswahili! Labda kwa sababu alimsikia Fundi anakiongea bila kuogopa mtu.

"Hii chakula ya mjinga," Fundi akamjibu. "Samaki mjinga anakula, mimi mjinga naamka saa kumi ya usiku kumpelekea."

Mtoto akacheka. Wallahi sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mtihani.

Basi ikawa ndiyo desturi. Majani yakianza kuanguka, samaki wanaoitwa besi huingia kwenye mahori ya pwani ya Essex, pale bahari inapoingia nchi kavu, kufukuza vidagaa, wajinenepeshe kabla ya baridi. Fundi na Rahma wanawafuata huko. Hawatumii chambo wala risasi ya kuzamishia uzi. Unaurusha uzi mnene nyuma kwa fimbo ndefu, unangoja unyooke angani, unaurusha mbele, na nzi anakwenda kutua juu ya maji. Kisha unauvuta kidogo kidogo, unaangukia ndani ya kapu ulilojifunga kiunoni. Mkewe Fundi huenda nao. Yeye hubaki garini, nyuma ya tuta la kuzuia bahari, anafuma sweta. Kwa hiyo juu ya mtoto wangu wa kike kutoka na mwanamume sikuwa na neno la kusema, ingawa nililitafuta.

Na walikuwa na kanuni yao. Mmoja akiingia topeni, mwenzake anasimama nchi kavu anaangalia maji yanavyojaa. Wanapokezana. Kanuni hiyo naomba muishike.

Siku moja na mie nikenda. Watu wanadhani kila Mzanzibari mvuvi. Mie baba yangu alikuwa fundi cherehani, hata kufunga ndoana sijui! Nikasimama kwenye tuta na chupa ya chai, viatu vimejaa maji, nawasikiliza.

"Mjomba! Imekula! Imekula!"

"Usivute! Hiyo si punda! Wacha ikimbie, itachoka yenyewe!"

"Ni kubwa kuliko yako ya juzi!"

"Yangu ya juzi wewe uliona mkia tu, uliziba macho na kofia!"

Wanacheka, wanatukanana kwa mapenzi. Mwanangu, aliyekuwa hanipi hata salamu nzima, anabwabwaja Kiswahili kama cherehani! Kiswahili kibovu, cha gereji, lakini kinatoka moyoni. Akamtoa samaki, fedha tupu, miiba imesimama mgongoni. Akamwonesha Fundi. Mie nilikuwa karibu zaidi, lakini alimwonesha Fundi.

"Hii mama ya mayai," Fundi akasema. "Wacha iende."

Rahma akamlaza majini, akamshikilia mpaka akapata nguvu, akamwachia. Nikamwita: Rahma, njoo unywe chai. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba anakuja baada ya dakika moja.

Ile dakika moja ndiyo iliyoniua. Wivu ulinishika, wenzangu! Nikajisemea, mtoto nimemzaa mie, lugha ni yangu mie, na Kalasinga ndiye anayekula matunda yake!

Sikulala vizuri wiki ile. Nikatafuta njia. Nikaipata, na ndiyo inayonitia haya mpaka leo.

Nilimfuata mwalimu wetu wa dini, tukakaa kwenye mkahawa mmoja Edgware Road. Nikamuuliza kwa hila: "Mwalimu, mtu anayemtoboa samaki mdomo kwa ndoana, kisha anamrudisha majini, kwa kujifurahisha tu. Hukumu yake nini?"

"Hawamli?" akauliza.

"Wanamrudisha," nikasema.

Sikumwambia kwamba wanawarudisha wadogo, kama sheria ya huku inavyotaka, na wenye mayai kwa huruma. Sikumwambia kwamba kila safari samaki mmoja alikuja nyumbani kwangu kafungwa kwenye gazeti, na mie ndiye niliyekuwa nikigombea kichwa!

"Kumtesa kiumbe kwa mchezo haifai," mwalimu akasema. "Ama ikiwa…"

Nikamkatiza. Nikamshukuru, nikaita chai nyingine, nikamuuliza habari za watoto wake. Nilijua kinachokuja baada ya ile "ama ikiwa", ndiyo maana nikamkatiza. Mwalimu hana kosa hata chembe.

Jioni ile nikamwambia Rahma: nimeuliza, ni haramu, mwalimu kasema. Akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, akanijibu kwa lugha yangu.

"Lakini Baba, samaki kubwa yote tunakula, ya mayai tu hapana!"

Mnajua nilimjibu nini? Astaghafirullah! Nilimsahihisha. "Wakubwa wote," nikamwambia.

Akapanda juu taratibu, akafunga mlango.

Sikutosheka. Nikampigia simu Fundi: "Ndugu yangu, mtoto kachoka na mambo ya samaki. Ana masomo yake."

Akajibu: "Sawa, Mzanzibari. Kijana lazima ichoke na mzee. Mwambie fimbo yake naweka kavu."

Sikumwambia.

Wiki chache baadaye Fundi akenda horini bila mwenzake. Tope likamshika mguu mpaka pajani, na maji yanajaa. Mkewe yuko garini nyuma ya tuta, hakuona wala hakusikia. Mpita njia mmoja aliyekuwa na mbwa ndiye aliyewaita waokoaji, maji yakiwa yamefika kifuani. Katika kujipindua ili ajinasue, nyonga ikavunjika.

Sisemi kwamba mie ndiye niliyeivunja. Tope ndilo, na mwenyewe ni mkaidi, mkewe mwenyewe kasema hivyo. Lakini wangekuwa wawili! Mmoja angesimama nchi kavu anaangalia maji!

Tukenda hospitali, mie na Rahma. Akamshika mkono. "Mjomba, kwa nini ulienda peke yako?"

"Baba yako alisema umechoka na samaki," Fundi akamjibu. "Nikasema sawa, mtoto ana maisha yake."

Rahma akageuka kunitazama. Kwenye basi la kurudi akakaa kiti cha mbele, mie nikabaki nyuma naangalia kisogo chake.

Alirudia mtihani akafaulu, na sasa anasoma chuo kwenye mji mmoja wa pwani ya Kent. Kila Jumapili anampigia mama yake, wanaongea Kiswahili, wanacheka. Simu ikija kwangu, ni Kiingereza: nzima, asante, na wewe je. Kama anayezungumza na mtu wa benki.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu yote. Jumapili iliyopita mke wangu akaniambia: "Mwanao anasema besi wameingia huko. Akiwaona wavuvi anapita njia ya nyuma, asije akaitamani dhambi."

Maneno hayo yalinikata! Kumbe mtoto hakuacha kwa kunitii mie. Aliacha kwa kumwogopa Mungu, kwa uongo niliomlisha mie! Mwaka mzima anadhani ile furaha iliyomtoa chumbani ilikuwa uchafu.

Leo asubuhi nikapanda basi kwenda Southall. Fundi alikuwa dirishani na fremu yake ya kutembelea, anafunga nzi. Nikamweleza yote, hata habari ya kichwa cha samaki. Akaendelea kufunga uzi mpaka nikamaliza.

"Kumbe mimi ni mwizi," akasema. "Nimeiba mtoto na Kiswahili ya ovaroli."

"Nisamehe, Fundi."

"Mimi nimesamehe. Mguu bado inakasirika, hiyo uongee nayo mwenyewe." Kisha uso ukabadilika. "Lakini mtoto hajui? Mpaka leo anafikiri mambo yetu ilikuwa dhambi? Enda nyumbani, bwana! Unakunywa chai yangu ya nini?"

Nikarudi. Nikampigia Rahma. Nikamwambia nilivyomuuliza mwalimu, nilichokificha, na pale nilipomkatiza. Nikamwambia: ulikuwa wivu wa baba yako, dini haimo.

Kwa mbali nikasikia ndege wa pwani wanapiga kelele.

Akauliza kwa Kiingereza, kwa hiyo haikuwa kosa?

"Haikuwa kosa, mwanangu."

Akasema asante kwa kunieleza. Akasema bado hajui atanisamehe vipi, atafikiri. Kisha akaomba mama yake.

Nikampa simu, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango. Ndiyo, nilisikiliza! Nikamsikia mke wangu anacheka, na ile sauti ya mwanangu inatoka simuni, mbio mbio, "Mama, hii maji ya huku ni baridi sana!" Na mie huku nje, jamani, baada ya kuungama kote huko, nikajikuta namwonea wivu mke wangu.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, wenzangu. Sijapona. Nawaonya wazazi mlio huku na mlio nyumbani: mtoto akipata mtu wa kucheka naye, msiuzime moto kwa kuwa hamkuuwasha nyinyi. Akikosea maneno, mwacheni amalize sentensi. Na mkienda kumuuliza mwenye elimu, mpeni habari nzima, na mumsikilize mpaka mwisho. Nusu ya hukumu inaumiza kuliko uongo mtupu, kwa sababu yule unayemlisha anaila kwa imani.

Jioni hii tumekula muhogo wa nazi, mke wangu na mie, hauna kitoweo, maana samaki wa kwenye gazeti haji tena. Sote wawili tuliacha kidogo kwenye sahani, kama fungu la Rahma.